Kihariri cha nyaraka: skripti ziandikwe kwa lugha gani?

Swali. Mimi na mwenzangu tunaandika kihariri cha nyaraka kwa C++, cha kusakinishwa kwenye kompyuta. Watumiaji wetu ni wahariri, makarani na watafiti, na wachache tu kati yao wamewahi kuandika programu. Wameanza kudai makro, yaani skripti fupi za kazi za kurudiarudia: kusafisha hati zilizonakiliwa kutoka kwingine, kupanga upya namba za vichwa, kukagua marejeo. Mimi naelekea Python kwa sababu inajulikana na wengi. Mwenzangu anataka tubuni kilugha chetu wenyewe, kifupi, kisicho na makuu. Wapo waliotutajia JavaScript na wapo waliotutajia Lua. Tuchukue ipi? Na tukikosea, kuna kubadilisha baadaye?

Jibu. Nianze na jibu lenyewe ili usilitafute hadi mwisho: kwa kazi mliyonayo, pachikeni Lua 5.4. Kama watumiaji wenu wangekuwa watengeneza tovuti, JavaScript iko vidoleni mwao, ningesema QuickJS, injini ndogo ya JavaScript, na nisingesita. Python iwekeni nje ya mlango; nitaeleza nina maana gani. Wazo la mwenzako naliheshimu, maana hata mimi limewahi kunipumbaza, lakini liacheni.

Tuanze na hilo la kubuni lugha, kwa kuwa ndilo linaloonekana dogo kuliko yote.

Kilugha cha namna hii huanza na amri kumi: tafuta, badilisha, nenda aya inayofuata. Kinapendeza, na maelezo yake yanaenea ukurasa mmoja. Wiki ya pili mtumiaji anauliza, "Nikitaka ibadilishe pale tu ambapo aya ni kichwa?" Mnaongeza "kama". Mwezi wa pili mwingine anataka jambo lirudiwe kwa kila jedwali, mnaongeza kitanzi. Zinafuata vigeu, zinafuata fankisheni, halafu mtu anauliza kwa nini kigeu alichokitaja ndani ya fankisheni kimebadilika hata nje yake. Hapo ndipo mnagutuka kwamba mmeunda lugha ya programu bila kukusudia, na kwa kuwa hamkukusudia, mmeiunda vibaya. Mradi mmoja niliofanyia kazi ulipita njia hiyo hatua kwa hatua. Kilugha chetu hakikuwa na namna ya kuandika alama ya nukuu ndani ya maneno yaliyomo kwenye nukuu. Tulipokuja kuongeza mkwaju wa nyuma kwa kazi hiyo, skripti zote zilizokuwa na njia za folda zikavunjika siku hiyo hiyo, na waliozitunga hawakuwa watu wa kujua kwa nini.

Si sisi wa kwanza. John Ousterhout alianza kuandika Tcl mwaka 1988 pale Berkeley kwa sababu alichoka kuona kila chombo cha kusanifu saketi kikija na kilugha chake cha amri, dhaifu na cha haraka haraka. Akaona heri lugha moja iandikwe vizuri mara moja, kisha ipachikwe kila mahali. Mwangalie Vim, kihariri cha maandishi cha waandishi wa programu: lugha yake ilikua kutoka kwenye amri za kihariri, ikawa ya ajabu na ya polepole kiasi kwamba toleo la 9.0 la mwaka 2022 lilileta Vim9, sintaksia mpya kando ya ile ya zamani, huku Neovim, tawi lililotokana nayo, ikiwa imeshahamia Lua. Hata Emacs, kihariri kingine cha zamani, ambayo chaguo lake la Lisp lilikuwa la busara kuliko mengi, ilikuja na kanuni ya kizamani ya vigeu kuonekana popote viitwapo. Njia ya kisasa ya kuvifunga ndani ya fankisheni iliingia toleo la 24 mwaka 2012, miaka 27 baada ya GNU Emacs kutolewa. Hao ni watu hodari, wenye watumiaji wavumilivu mno. Ninyi mko wawili.

Kuna jambo jingine ambalo miaka kumi iliyopita nisingeliandika. Karani wenu hataandika makro kutoka kichwani. Atanakili ya mwenzake, au ataiomba programu ya akili mnemba imwandikie. Lugha yenye mifano mingi duniani itaandikwa vizuri. Kilugha mlichokibuni juzi kitaandikwa kwa kubahatisha.

Sasa Python. Ninaitumia kila siku na sina ugomvi nayo. Tena inapachikika: imo ndani ya kihariri cha Sublime Text, na LibreOffice inapokea skripti zake. Kero ya kwanza ni ya kubeba mizigo. Python haiji peke yake, inakuja na maktaba yake yote ya kawaida, makumi ya megabaiti, na ukijaribu kuikwepa kwa kutumia Python iliyomo tayari kwenye kompyuta ya mtumiaji, utapokea malalamiko kutoka kwa kila toleo lililowahi kutolewa. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kwamba huwezi kuifungia kizimbani, yaani pale ambapo skripti haiwezi kugusa faili wala programu nyingine bila ruhusa yako. Tazama mstari huu:

```
().__class__.__base__.__subclasses__()
```

Hauna neno hata moja la kutisha. Haujaleta maktaba, haujataja faili. Umeanza na mabano matupu, ukauliza haya ni ya klasi gani, mzazi wa klasi hiyo ni nani, na mzazi huyo ana watoto gani wengine. Jibu ni orodha ya mamia ya klasi zilizomo ndani ya injini wakati huo, na kupitia baadhi yao mtu anafika hadi kwenye kufungua faili na kuendesha programu nyingine. Unaweza kuzuia neno "import", unaweza kufuta "open". Mlango huu uko kwenye mifupa ya lugha. Python yenyewe iliwahi kuwa na moduli za kujikinga, rexec na Bastion, zikazimwa katika toleo la 2.3 kwa kuwa hazikuwa salama. Mwaka 2013 Victor Stinner, aliyekuwa ameandika pysandbox, kizimba cha Python, alitangaza mwenyewe kwamba njia yake imevunjika tangu kwenye msingi. Nikisikia mtu anasema ameifunga Python ndani ya programu yake, huwa namuuliza tu ameifunga vipi mabano matupu.

Na kizimba ni cha lazima kwenu, kwa sababu mnatengeneza kihariri cha nyaraka. Nyaraka hutembea. Mwaka 1995 kirusi cha Concept kilisambaa kupitia makro za Word, na Machi 1999 kikaja Melissa, kilichojituma kwa barua pepe kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu cha anwani cha aliyefungua hati. Microsoft walitenganisha faili zenye makro na zisizo nazo mwaka 2007, docm na docx, na ilipofika 2022 wakaanza kuzizuia tangu mwanzo, bila mtumiaji kuomba, makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Miaka 27 ya kuziba tundu lililotobolewa na uamuzi mmoja: kwamba hati ibebe programu ndani yake. Ninyi mna bahati ya kuanza upya. Skripti ikae kwenye folda ya mtumiaji, aiweke mwenyewe, aiite mwenyewe. Hati isibebe skripti, hata moja, hata ya kujaza tarehe. Watakuomba. Kataeni, au wapeni sehemu za kujazwa zisizo na lugha nyuma yake.

Nilisema Python iwe nje ya mlango. Maana yake ni hii: yule mtafiti mmoja kati ya mia anayetaka kuchambua marejeo 3,000 kwa maktaba zake za takwimu aendeshe Python yake kama programu inayojitegemea, ikizungumza na kihariri kupitia bomba au soketi, kwa ruhusa za kawaida za mfumo wa kompyuta yake. Yeye anajua anachokifanya, na Python ikianguka haiangushi hati yake.

Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio huko Brazili, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, na tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa mgeni ndani ya programu ya mwingine. Ni C tupu. Leseni yake ni MIT. Unaweka folda moja ya msimbo chanzo ndani ya mradi wako, unaikompaili pamoja na programu yako, na injini nzima haifiki megabaiti moja. Imo ndani ya Lightroom ya kuhariri picha, imo ndani ya LuaTeX ya kupanga vitabu, na Pandoc, ambayo kazi yake ni kugeuza nyaraka kutoka muundo mmoja hadi mwingine, huichuja hati kwa Lua tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017.

Ila kinachonifanya niipendekeze ni kwamba inaanza ikiwa tupu. Injini mpya ya Lua haina hata print. Wewe ndiye unayeamua kiingie nini. Ingizeni maktaba za string, table, math na utf8. Acheni io, os, package na debug. Ile ya msingi ingizeni, kisha futeni dofile na loadfile. Hizi mbili watu huzisahau kwa sababu hazimo ndani ya io, na zote zinasoma diski. Fankisheni ya load ibaneni ikubali maandishi peke yake: ikipewa baitikodi (msimbo uliokwisha kukompailiwa) iliyochezewa kwa ustadi inaweza kuiangusha injini, na mwongozo wa Lua wenyewe unaonya. Kumbukumbu mnaidhibiti kwa kuipa lua_newstate, fankisheni inayoanzisha injini, mgawaji wenu, anayehesabu na kukataa akifika kikomo. Skripti inayojaribu kutengeneza maneno ya gigabaiti mbili inapata kosa la kawaida, si kompyuta iliyoganda.

Muda ni mgumu kidogo. Kuna lua_sethook: mnaiambia Lua kila baada ya maagizo 10,000 iite fankisheni yenu, inayoitwa ndoano, nayo inatazama kama mtumiaji amebonyeza Esc. Kama amebonyeza, inatupa kosa na skripti inasimama. Wengi huishia hapo, wanajaribu kitanzi kisicho na mwisho, kinakatika, wanafurahi. Kisha anatokea mtu na hiki:

```
while true do
  pcall(function() while true do end end)
end
```

Kosa lenu linadakwa na pcall ya ndani, kitanzi cha nje kinaanza tena, na Esc imekuwa kitufe cha mapambo. Dawa ni kuweka alama kwamba skripti hii imehukumiwa, ili kila ndoano inayofuata itupe kosa tena, na pcall mnayompa mtumiaji iwe yenu: ikiona alama ile, inalipitisha kosa badala ya kulimeza. Halafu mjue kwamba ndoano haigongi wakati injini iko ndani ya fankisheni ya C. Utafutaji wa string.find wenye kigezo kiovu unaweza kuchukua dakika nzima bila ndoano kugonga hata mara moja. Ndiyo sababu mojawapo ya kutoa utafutaji wenu wenyewe, ule uliomo tayari kwenye kihariri, na kuwaelekeza watumiaji huko. Ndiyo sababu pia nimesema Lua 5.4 na sikusema LuaJIT, injini nyingine ya Lua inayogeuza skripti kuwa msimbo wa mashine. LuaJIT ina kasi ya kushangaza, lakini msimbo ulioshageuzwa kuwa wa mashine haugusi ndoano kwa kawaida, na lugha yake ilibaki kwenye misingi ya 5.1. Makro ya kupanga vichwa haihitaji kasi hiyo.

Kwa kuwa mnaandika C++, kompailini Lua kama C++ pia. Ikikompailiwa kama C, kosa la Lua huruka kwa longjmp, linapita juu ya vitu vyenu bila kuviharibu inavyopasa, na kumbukumbu inavuja polepole kwa namna ambayo utaitafuta wiki mbili. Ikikompailiwa kama C++ hutumia mfumo wa kawaida wa kutupa na kudaka makosa.

Kasoro zake? Zipo. Kigeu ambacho hukukitangaza ni cha dunia nzima, na jina ulilolikosea herufi moja linakuwa nil kimyakimya. Wekeni metajedwali (jedwali la Lua linalobadilisha tabia ya jedwali jingine) kwenye mazingira ya skripti, linalopiga kelele jina lisilojulikana likiitwa. Hesabu inaanzia 1, jambo linalowaudhi waandishi wa programu na kumpendeza kila mtu mwingine: aya ya kwanza ni ya 1. Maktaba yake ni ndogo. Kwenu hiyo ni heri.

JavaScript niitendee haki. Kama lugha, haina kabisa habari za faili wala mtandao. Hizo hutoka kwa kivinjari au kwa Node, kwa hiyo injini tupu ni tupu kweli kama Lua. QuickJS aliyoitoa Fabrice Bellard mwaka 2019 ni ndogo, ina kikomo cha kumbukumbu na ina ndoano ya kukatiza. Figma, watengenezaji wa programu ya usanifu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, walipofungua mlango wa programu-jalizi mwaka huo huo, walijaribu kwanza kuzitenga ndani ya injini ile ile ya kivinjari. Matundu yakagunduliwa, wakahamia QuickJS iliyogeuzwa kuwa WebAssembly, aina ya msimbo uliokompailiwa ambao vivinjari huuendesha. Fundisho walilolipata wao kwa jasho mnaweza kulichukua bure: injini ya skripti iwe tofauti na injini inayoendesha programu yenyewe. Nikiilinganisha na Lua kwa watumiaji wenu, JavaScript inarudi nyuma kwa sababu ya mambo madogo madogo yasiyo ya lazima: aina mbili za usawa, this inayobadilika maana, ahadi na await ambazo karani hatazielewa na ninyi mtalazimika kuzipa maana. WebAssembly yenyewe, bila lugha juu yake, ni nzuri kwa programu-jalizi kubwa zinazoandikwa na wataalamu. Makro ya mistari sita haikompailiwi.

Sasa nije kwenye kilichowahi kuniumiza zaidi ya lugha yoyote. Ni kile unachoipa lugha ikishike. Chukua makro ya kufuta aya tupu, ambayo nakuhakikishia ndiyo ya kwanza kuandikwa:

```
for i = 1, hati:idadi_ya_aya() do
  local aya = hati:aya(i)
  if aya:maandishi() == "" then aya:futa() end
end
```

Hati ina aya 10, ya 4 na ya 5 ni tupu. Zamu ya 4 inafuta ya 4. Ile iliyokuwa ya 5 sasa ndiyo ya 4, lakini i inasonga kwenda 5, kwa hiyo tupu ya pili imerukwa. Kitanzi kinaendelea hadi 10, na aya ya 10 haipo tena. Lua inalalamika kwamba aya ni nil. Mtumiaji ana hati iliyobadilika nusu, ujumbe wa kosa asiouelewa, na aya tupu bado inamkodolea macho. Hakuna lugha itakayowaokoa hapo. Watumiaji wa VBA, lugha ya makro za Word, wamefundishana kwa miaka mingi kuhesabu kinyumenyume, dalili kwamba mlango ulijengwa vibaya. Mpeni hiki:

```
for aya in hati:kila_aya() do
  if aya:maandishi() == "" then aya:futa() end
end
```

ambapo kila_aya inachukua orodha nzima kabla ya kitanzi kuanza. Na kile mnachompa kama "aya" kisiwe pointa ya C++. Kiwe namba ya utambulisho yenye alama ya kizazi, ili akiishika aya iliyokwisha kufutwa apate ujumbe wa kueleweka, "aya hii imeshafutwa", na kihariri kisife. Mkusanya taka wa Lua anaachia vitu kwa saa zake, hati inafuta aya kwa saa zake nyingine. Ukiwaachia wote wawili wamiliki kitu kimoja, siku moja watagombana.

Kosa likitokea katikati, je? Kila uendeshaji wa skripti uwe muamala mmoja. Ikifika mwisho salama, mabadiliko yote yanaingia kwenye historia kama tendo moja, na Tendua moja inayaondoa yote. Ikianguka, yote yanarudishwa, na hati inabaki kama ilivyokuwa. Andikeni hili kabla ya kuandika hata fankisheni moja ya Lua. Sisi tuliliongeza baadaye. Mtumiaji mmoja alikuwa ameendesha makro ya kubadilisha nukuu kwenye hati ndefu, akabonyeza Tendua, na ikatendua nukuu moja. Alikuwa nazo zaidi ya 2,000.

Kuna suala la kuhesabu herufi, ambalo kwa kihariri ndilo lenye miiba kuliko yote. Chukua neno ng’ombe, lenye ritifaa ile iliyopinda ambayo kihariri chenyewe huiweka. Jicho linaona alama 7. Lua itasema urefu ni 9, kwa kuwa inahesabu baiti na ritifaa hiyo ni baiti tatu katika UTF-8. JavaScript na Python zitasema 7. Weka kikatuni kimoja cha uso unaotabasamu: Lua inasema 4, JavaScript inasema 2, Python inasema 1. Na herufi é iliyoandikwa kwa e na lafudhi yake kando itawapa Python na JavaScript 2, ingawa msomaji anaona moja. Itifaki ya LSP, inayounganisha vihariri vya msimbo na zana za lugha, ilihesabu kwa vipande vya UTF-16 kwa miaka, na ni toleo la 3.17 la mwaka 2022 lililoruhusu pande mbili kukubaliana hesabu nyingine. Njia niliyoizoea ni kutompa mtumiaji namba kabisa. Mpeni kitu kiitwacho nafasi, au masafa kati ya nafasi mbili, ambacho hakifunguki ndani. Utafutaji unarudisha masafa. Masafa yanajua kujibadilisha, kujipa mtindo, kusogea herufi moja kama mtumiaji anavyosogeza kielekezi. Nafasi hizo zikijisahihisha zenyewe maandishi yakiongezwa kabla yake, mmewaondolea watu nusu ya makosa wanayoyafanya.

Kasi isiwatie wasiwasi wa lugha. Kinachochelewesha ni kuvuka mpaka kati ya Lua na C++, si hesabu za Lua. Mtu akiisoma hati ya herufi 400,000 moja moja, atavuka mara 400,000. Mkimpa aya nzima kwa wito mmoja, na badilisha_zote inayofanya kazi yote upande wa C++, atavuka mara chache na hatajua kwamba kulikuwa na mpaka.

Swali lako la mwisho: kuna kubadilisha? Lugha, ndiyo, mkijipanga tangu leo. Andikeni milango yote kama fankisheni za kawaida za C++ zisizojua lolote kuhusu Lua, kisha juu yake tabaka jembamba linalozitafsiri. Neovim imefanya hivyo: API, yaani milango yenyewe kwa jumla, imeelezwa mara moja, na inafikiwa kutoka Lua, kutoka lugha ya zamani ya Vim, na kutoka programu za nje kupitia RPC, yaani ujumbe wa kuita fankisheni iliyo kwenye programu nyingine. Mtafiti wenu wa Python ataingia kwa mlango huo huo, na kesho mkitaka QuickJS, mtaandika tabaka la pili.

Msichoweza kubadilisha ni majina na maana. Fankisheni ikishatumiwa na watu 50, ni yao. Kwa hiyo anzeni na chache, 20 hivi, na kila skripti itamke kwenye mstari wake wa kwanza ni ya toleo lipi la API, ili mkija kurekebisha mjue iliandikwa ikiwa na matarajio gani. Kabla ya kutangaza lolote, kaeni na watumiaji watatu, mmoja wa kila aina uliyonitajia, waandike makro wanazozitaka kweli huku ninyi mmenyamaza. Pale watakapoandika jina la fankisheni ambayo haipo, kwa kudhani ipo, iandikeni pembeni jinsi walivyoiita.